Barafu Kwanza, Chai Baadaye

Kwetu Mombasa, mgeni akiletewa chai iliyopoa hana haja ya kuambiwa neno. Atajua kwamba amekaa kupita kiasi, au kwamba kuna jambo amelikosea mwenye nyumba. Chai huletwa ikifuka moshi, na ikipoa mezani kwa sababu ya mazungumzo, bibi wa nyumba huitwaa bilauri akairudisha jikoni bila ya kuulizwa. Mimi nimelelewa katika adabu hiyo. Kwa miaka hamsini na kitu sikupata kunywa chai ya baridi, ila pale nilipoisahau nikiandika.

Kwa hiyo mwezi wa Februari, niliposhukia Kisumu kwa dada yangu mdogo aliyeolewa huko, naye akaniletea jagi la chai lililojaa barafu, nilimtazama usoni nijue kosa langu.

"Kunywa, kaka," akasema. "Hapa si Mji wa Kale. Hapa ni Manyatta."

Wasomaji wangu wa pwani wasioijua Manyatta nitawaeleza kwa ufupi. Ni mtaa mkubwa wa Kisumu, jirani na Kondele, wenye nyumba za bati zilizosongamana, na Waislamu wamo tangu zamani. Kuna hata sehemu iitwayo Manyatta Arab. Mji wenyewe uko chini kidogo tu ya mstari wa Ikweta, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na tangu Januari hadi Machi, kabla ya mvua za masika, joto la mchana hufika nyuzi 30 na kupita. Sisi tunalalamikia kaskazi yetu, lakini kaskazi ni upepo. Kule upepo wa ziwa huja alasiri, na kabla yake jua la saa saba juu ya bati haliambiliki.

Basi nikanywa. Ilikuwa chai ya mkandaa, yaani chai kavu isiyotiwa maziwa, ile ambayo ndugu zetu wa bara huiita sturungi, imetiwa tangawizi na mchaichai, kisha ndimu, na sukari kidogo kuliko nilivyozoea. Sitaki kuisifu kwa maneno ya kishairi, maana mshairi akianza kusifu kinywaji hajui pa kukomea. Nitasema tu kwamba nilikunywa bilauri tatu, na ya nne nikaiomba mwenyewe.

Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu. Siku ya tatu, wanaume tukiwa nyumba nyingine tumekaa kwa shughuli za maandalizi, tukaletewa sharbati kwenye ndoo safi kabisa, nyekundu, imetiwa iliki na mapande ya barafu makubwa kama matofali. Joto lilikuwa kali, nami nilikwisha pata tamaa ya baridi. Nikanywa, wakanywa na wenzangu. Usiku ule sikulala, na siku ya pili yake sikuinuka. Harusi ya mpwa wangu niliisikia kwa mbali, mlio wa dafu ukipita barabarani, nami nimelala chali na maji ya chumvi na sukari kando ya kitanda.

Dada yangu hakuniuliza nimekula nini. Aliuliza neno moja: "Barafu ilitoka wapi?"

Ikaja kujulikana kwamba kijana aliyetumwa barafu aliona ya dukani ni ghali, akaenda ufukweni akanunua ile ya samaki. Yule kijana simlaumu sana, wala wenye nyumba, ambao walitukirimu kwa moyo wote. Barafu ni barafu, alidhani. Imeganda, ni nyeupe, ni baridi, uchafu utakaa wapi? Na hili ndilo linalonifanya nishike kalamu leo katika ukurasa huu ambao kwa kawaida huzungumza mambo ya utenzi na taarabu. Maana dhana ya kijana yule nimeikuta kwa wasomi, kwa wake zetu, na kwangu mimi mwenyewe. Twadhani baridi husafisha. Moto ndio husafisha. Baridi hulaza tu. Vijidudu vya maradhi ya tumbo vikigandishwa vingi havifi. Hulala humo ndani ya barafu, na siku barafu ikiyeyuka katika bilauri yako huamka navyo vikaendelea na safari.

Barafu ya samaki ina kazi yake, nayo ni kazi ya heshima. Bila ya hiyo sangara wa Ziwa Victoria asingefika mbali. Lakini hata kama imegandishwa kwa maji mazuri, mpaka ifike ufukweni imekwisha pita kwenye sakafu ya lori, kwenye magunia, kwenye sepetu na miguu ya watu, na aghalabu imekwisha lala na samaki wa jana. Ukiitia katika kinywaji cha wageni umewanywesha vyote hivyo kwa pamoja.

Na Kisumu si mahali pa kufanyia mchezo na maji. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za uliokuwa Mkoa wa Nyanza zilipokea wagonjwa wa kipindupindu 14,275, na 547 katika hao walifariki. Wataalamu waliochunguza mambo yale waliona mkono wa maji ya kunywa yaliyotekwa ziwani na mitoni, na wa chakula cha pamoja katika karamu za matanga. Huko Manyatta kwenyewe visima vifupi na vyoo vya shimo vimejengwa ubavu kwa ubavu, kwa kuwa viwanja ni vidogo na watu ni wengi. Na watafiti waliopima maji ya visima vya Manyatta na mtaa wa Migosi wamekuta humo vijidudu vitokavyo chooni. Nilikiona kisima kimoja kwa macho yangu. Kutoka choo cha jirani mpaka mdomo wa kisima nilihesabu hatua kumi na moja, nami si mrefu.

Nilipopata nguvu ya kukaa, nilimfuata dada yangu jikoni. Nilitaka kujua kwa nini chai yake haikunidhuru na sharbati ya jirani ikanilaza, ilhali maji yote ni ya mtaa mmoja. Akacheka. Akasema watu wote huanza na chai na barafu huitafuta mwishoni mgeni akiwa mlangoni. Yeye huanza na barafu, siku moja kabla.

Baada ya Isha huchemsha maji, na hayaepui yakianza kutoa mapovu madogo, bali huyaacha yatokote vizuri dakika nzima au zaidi. Nimesoma kwamba kwa sababu ya mwinuko wa Kisumu maji ya huko hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, yakiwa kama nyuzi 96, lakini kwa vijidudu hiyo yatosha na kuzidi. Maji hayo huyaacha yapoe katika sufuria ileile yenye mfuniko. Hamimini kwenye ndoo, wala hachovyi kikombe. Kisha huyatia katika mikebe ya plastiki yenye vifuniko, iliyooshwa kwa maji ya moto, na kuigandisha. Mikebe ile haina kazi nyingine nyumbani mwake, na ole wake mtoto atakayeitilia mchuzi. Ikibaki chai jioni nayo huigandisha vipandevipande, ili siku ya pili chai ipozwe kwa chai mwenziwe na isikonde kwa maji. Hilo nilishangaa kwamba halikunijia mimi katika umri wangu wote.

Chai yenyewe nayo ina mambo yake. Kwa lita moja ya maji yeye hutia kwanza tangawizi iliyopondwa na mchaichai, ikatokota. Kisha huzima jiko ndipo atie majani ya chai, vijiko vidogo vitano, akafunika kwa dakika nne, akachuja. Si zaidi. Majani yetu ya Kenya ni ya chenga, hutoa rangi upesi, na ukiyapika kama tunavyopika chai ya maziwa hutoa ukakasi wa kukausha ulimi. Ukakasi huo katika chai ya moto wenye maziwa hufichika, katika ya baridi hujitokeza wote. Vijiko vitano ni vingi kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa barafu itaizimua. Sukari hutiwa hapohapo ingali ya moto, kwani katika baridi hukataa kuyeyuka, na ndiyo maana wale wanaokoroga sukari baadaye hutia nyingi, wakanywa chai isiyo tamu na kuacha shira chini. Ndimu ndiyo ya mwisho, chai ikiwa imepoa, na ukiitia utaona rangi yake inageuka kutoka wekundu mzito kuwa kama dhahabu. Nanaa ikipatikana, hewaa. Asiyekuwa nayo hajapungukiwa.

Yako makosa mawili niliyomwona akimkanya binti yake. La kwanza ni kuitia chai katika friji ikiwa moto. Inaharibu vingine vilivyomo, na yenyewe huvurugika ikawa na ukungu kama maji ya mto baada ya mvua. Ukungu huo hauna dhara, ni viungo vya majani vilivyoshikana kwa kupozwa ghafla, na kikombe kidogo cha maji yanayochemka huuondoa. Lakini nani atamwekea mgeni kinywaji kama hicho? Iache kwanza ipoe yenyewe, sufuria ikiwa imefunikwa na kuwekwa ndani ya beseni la maji. La pili ni kuiweka siku nyingi. Chai yenye sukari na ndimu si dawa ya kuhifadhi. Iliyopikwa asubuhi inywewe siku ileile.

Wako pia, nasikia Marekani, wanaoweka majani na maji katika chupa ya kioo juani mpaka rangi itoke, wakaiita chai ya jua. Nawaomba wenye bati la moto wasijaribu. Jua hulifanya maji yawe vuguvugu tu, na vuguvugu ndilo joto linalopendwa na vijidudu kuliko yote.

Lakini msomaji wa Manyatta, na wa Kisauni au Majengo vilevile, ataniuliza: wewe wazungumza friji, na asiyekuwa nayo? Na mwenye nayo, stima ikipotea tangu adhuhuri mpaka magharibi? Swali hili nililiuliza mimi mwenyewe, na jibu lake nililipata uani kwa mama mmoja mzee jirani, Mjaluo, mwenye mtungi wa udongo mkubwa chini ya mwembe. Aliponipa maji yake nilirudi miaka arobaini na tano nyuma, chuoni, ambako maalim wetu alikuwa na mtungi uliofunikwa kwa kawa na juu yake kata ya kifuu. Mtungi hupoza kwa sababu udongo una vitundu visivyoonekana. Maji hutoka jasho, jasho likikauka huchukua joto. Kisumu, ambako hewa ya mchana wa kiangazi ni kavu kuliko yetu, kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi. Ila usiitie chai ndani ya mtungi. Sukari itanasa katika vile vitundu na mtungi utachacha. Itie katika chupa iliyofungwa, chupa ikae ndani ya ndoo ya mchanga uliorowanishwa, kivulini, na kitambaa chepesi kilichorowa juu yake. Haitakuwa baridi ya meno. Itakuwa baridi ya koo, na kwa afya ya watu wa umri wangu hiyo ni bora.

Maalim wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkali kwa jambo la kawa kuliko kwa herufi. Mtoto akiuacha mtungi wazi aliupata mkwaju. Alikuwa akituambia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamrisha vyombo vifunikwe usiku, na ni kweli hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Vilevile imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, naye Tirmidhi ameiandika, kwamba kinywaji alichokipenda Mtume kuliko vyote kilikuwa kile kitamu kilicho baridi. Sisi wapenda sharbati tumeishika hadithi ya pili kwa mikono miwili. Ya kwanza tumeiachia wazee wenye mitungi.

Ajabu nyingine ni kwamba kinywaji hiki twakidhani cha kigeni, na vitu vyake vyote viko mlangoni. Kutoka Kisumu kwenda Kericho, kwenye mashamba ya chai, ni kilomita 80 hivi. Viwanda vya sukari vya Chemelil na Muhoroni vimo katika kaunti hiyohiyo ya Kisumu. Chai ya Kericho hupita ikashuka mpaka kwetu Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwako tangu 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi, na kutoka hapo ikapakiwa kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Watoto wetu je? Wao hununua soda, na soda ya mililita 300 ina sukari inayokaribia vijiko vinane vya chai. Shemeji yangu ana kisukari. Ndiyo sababu hasa dada yangu aliyoanzia mambo haya ya chai na barafu. Katika lita nzima hutia vijiko vitatu, na jagi la mumewe halitiwi hata kimoja.

Wamarekani hudai kwamba chai ya barafu ilizuka kwao mwaka 1904, katika maonyesho makubwa ya mji wa St. Louis, ambako bwana mmoja aitwaye Richard Blechynden, aliyetumwa kuitangaza chai ya Mashariki, aliona watu hawainywi kwa sababu ya joto, akaitia barafu. Ni hadithi nzuri, lakini kitabu cha mapishi cha Bibi Marion Cabell Tyree wa Virginia kilikwisha ieleza mwaka 1879. Na barafu yenyewe ilikuwa bidhaa ya kusafiri. Mwaka 1833 jahazi moja, Tuscany, lilitoka Boston na tani 180 za barafu iliyokatwa katika maziwa yao wakati wa baridi, likavuka Ikweta mara mbili, na baada ya miezi minne likafika Calcutta na tani kama 100 bado hazijayeyuka. Watu wa Calcutta walistaajabu. Barafu ile ilisafiri nusu ya dunia, na haikuchanganywa na samaki.

Nina neno kwa wanaosimamia afya ya miji yetu, Kisumu na Mombasa pia, kwani hapa kwetu nimekwisha ona mambo hayohayo. Barafu ya kunywa na barafu ya samaki ziuzwe mahali mbalimbali na katika vyombo vya rangi mbalimbali, hata kijana aliyetumwa ambaye hakusoma asikosee. Na mwenye kuuza ya kunywa aulizwe maji yake ni ya wapi. Twawakagua wauza nyama na wauza maziwa. Muuza barafu hupita kama aliyebeba mawe.

Na kwa akina mama na akina dada, msomapo haya mkaona mzee ameingilia jikoni, nisameheni. Mkitaka kuwapa watu wenu chai hii wakati wa kufuturu, ambapo tumbo liko tupu na kila kinywacho hukipokea bila ya kujitetea, anzeni na barafu jana yake. Jambo moja zaidi nililoambiwa na daktari: chai, ya moto au ya baridi, huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika chakula, kwa hiyo wajawazito na watoto wasiinywe pamoja na mlo, wangoje kama saa moja. Katika nchi za malaria, ambako damu ya watu ni pungufu tayari, hilo si dogo.

Siku ya kuondoka dada yangu alinifungia mkebe mmoja wa barafu katika gazeti, nao uliyeyuka kabla basi halijafika Nakuru. Nimebaki na mkebe. Juzi niliuosha kwa maji ya moto, nikachemsha maji yangu, nikayapoza, nikaenda kwenye friji yetu hapa nyumbani kutafuta nafasi. Juu kote mke wangu alikuwa ameweka nguru, ameenea toka ukuta hadi ukuta, kichwa na mkia. Tumo katika mashauri.